Amplifaya ya valvu inavuma: ninunue choku, niweke kapasita kubwa, au hita za DC?

NyuziSita
Habari zenu wadau. Nimejitengenezea amplifaya ya gita ya valvu. Sauti ni tamu kabisa, ila inavuma. Si mvumo wa kujifanya husikii. Nikiwa chumbani mtu wa sebuleni ananiuliza kama nimewasha friji. Nina kama elfu saba za kuitibu na sitaki kuzimwaga ovyo. Nimesoma weee, nikabaki na njia tatu: kununua choku ya henri 10 (koili ya kutuliza umeme), kubadilisha kapasita za kuchuja (zinazohifadhi na kulainisha umeme) niweke kubwa zaidi, au kugeuza umeme wa hita (kile kiwaya kinachopasha valvu joto) uwe DC, umeme usiogeuka-geuka. Choku sijaiona mtaa wa Luthuli hapa Nairobi, na kuna jamaa yangu anarudi kutoka Uingereza Jumapili amekubali kunibebea. Kwa hivyo lazima niamue wiki hii. Nyinyi mngechagua gani?

MzeeTransfoma
Kijana, umeingia kliniki ukasema "naumwa, dawa gani ni bei nafuu?" Mchoro ni upi? Valvu gani? Unapima volti ngapi baada ya rektifaya, ile sehemu inayogeuza stima kuwa DC? Ukirudisha volumu hadi sifuri mvumo unabaki au unaenda? Gita likichomolewa je? Transfoma umeitoa wapi? Na picha ya ndani iko wapi? Watu siku hizi wanaficha picha kana kwamba ni kitambulisho.

BengaDaima
Mimi nitasema ukweli hata kama mtanichukia. Elfu saba iongezee kidogo, ununue amplifaya ya transista ya mkono wa pili, upige gita. Benga inataka sauti safi, kavu, inayometameta juu. Valvu ni za watu wa roki wanaotaka sauti ichafuke.

DarTone
Mkuu BengaDaima, hujaulizwa hilo. Tuendelee. Mimi nasema hita za DC. Niliweka kwenye ya kwangu na mvumo ukaisha siku hiyo hiyo.

Faradi
Kabla ya dawa, tusikilize ugonjwa. NyuziSita, chukua gita, uzi mnene wa E, bonyeza freti ya tatu. Hiyo ni sol, hezi 98. Kama mvumo wako unakaribia sauti hiyo, ni wa hezi 100, maana yake umetoka kwenye umeme uliopita rektifaya, na hapo kapasita na choku zina kazi. Kama uko oktava nzima chini yake ni hezi 50, yaani stima yenyewe: hita, athi (waya wa usalama unaoelekea ardhini), au transfoma inavuja sumaku kwenye waya za kuingizia. Hita za DC hazitagusa ule wa 100, na choku haitagusa ule wa 50. Wewe unaweza kuwa unanunua dawa ya jirani.

Na ujaribu bila gita kwanza. Gita la pikapu (sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi) za koili moja linanasa kelele za taa za mirija na za dima hata kama amplifaya ni nzuri. Ukigeuka na gita na kelele ikabadilika, amplifaya haina kosa hapo.

NyuziSita
Asanteni. Mchoro ni ule wa amplifaya ya Fender Champ 5F1: 12AX7 moja (valvu ya kuanzia), 6V6 moja (valvu ya mwisho, inayosukuma spika), na 5Y3, valvu ya rektifaya. Volti 340 kwenye kapasita ya kwanza. Kapasita ni mikrofaradi 16, 8 na 8 kama mchoro unavyosema. Chasi, yaani sanduku la chuma, nilikunjiwa Kamukunji na wale jamaa wa masanduku. Bila gita bado inavuma. Volumu ikiwa sifuri kuna mvumo unaokaribia sana hiyo sol ya Faradi. Nikipandisha volumu unaongezeka mwingine mnene zaidi chini yake. Picha nitaweka kesho.

MzeeTransfoma
Basi unayo mivumo miwili, kila mmoja na mama yake. Ule unaobaki volumu ikiwa sifuri unaingia baada ya kitasa cha volumu, ule mwingine unaingia kabla. Nataka jaribio moja: zima, ngoja, chomoa 12AX7, washa tena spika ikiwa imeunganishwa. Utakachosikia ni mali ya 6V6 na umeme wake tu. Usiwashe amplifaya ya valvu bila spika hata siku moja, transfoma ya spika itakufa na hiyo hutaipata Luthuli wala River Road.

Na kabla ya kuingiza mkono ndani, pima volti za kapasita na usubiri hadi zifike karibu sifuri. Volti 340 hazijui kwamba umechomoa plagi. Rezista ya kilo-omu 220 kutoka kapasita ya kwanza hadi chasi itazimaliza taratibu kila ukizima.

Faradi
Wa hezi 100 nimeshauelewa. Kwenye 5F1 transfoma ya spika inalishwa moja kwa moja kutoka kapasita ya kwanza, ile ya 16. Na kwa kuwa 6V6 iko peke yake, haina mwenzake wa kuufuta mtikisiko wa umeme kama ilivyo kwa amplifaya zenye valvu mbili za mwisho, moja ikisukuma nyingine ikivuta. Hesabu: mkondo wa miliampea 45, hezi 100, mikrofaradi 16. Unapata mtikisiko wa karibu volti 28 kutoka kilele hadi bonde. Mchoro ulichorwa Marekani miaka ya 1950, stima yao ni hezi 60, kapasita inajazwa mara 120 kwa sekunde badala ya 100. Kwao ni kama volti 23. Ukiunakili Nairobi bila kugusa kitu umeanza na mvumo uliozidi wa kwao kwa moja ya tano.

Sasa usikimbilie kutoa 16 na kuweka 100. 5Y3 haipendi kapasita kubwa mbele yake, ule mkondo wa ghafla wa kuijaza unaichosha. Mimi singepita 20 pale. Afadhali uongeze hatua: acha ya kwanza ilivyo, weka kizuizi, halafu kapasita mpya ya 47 ya volti 450, na transfoma ya spika uilishe kutoka hapo. Kizuizi kikiwa choku ya henri 10, kwa hezi 100 ni kama omu 6,280, mtikisiko unagawanywa kwa zaidi ya mia. Kikiwa rezista ya omu 470 ya wati 5, unagawanywa kwa kama 14. Volti 28 zinabaki 2. Utapoteza volti 21 hivi kati ya 340 na sikio lako halitajua. Rezista hiyo ni bei ya chai na mandazi.

DarTone
Na ule wa chini? Hita za DC, nimesema.

MzeeTransfoma
DarTone, pole pole. Hita za volti 6.3 ukizipitisha kwenye daraja la daiodi unapoteza karibu volti 1.4, unahitaji kapasita kubwa, na transfoma inavutwa zaidi kuliko ilivyotengenezewa. Ndiyo, unaweza kufanya kwa 12AX7 peke yake maana inakula ampea 0.3 tu. Lakini kwanza fanya ya bure. Waya za hita zisokotwe pamoja, zikazwe, zipite kwenye kona ya chasi, mbali na waya wa gridi, pini ya valvu inayopokea sauti. Rezista mbili za omu 100, moja kutoka kila waya wa hita, zikutane, na mahali zinapokutana usipeleke kwenye chasi, peleka kwenye kathodi ya 6V6, sehemu ya valvu inayotoa elektroni. Pale kuna volti kama 20 za DC, hita zinainuliwa juu ya kathodi ya 12AX7 na ule mvujo kati yao unakatika. Kama transfoma yako ina waya wa katikati wa hita umeshikwa kwenye chasi, utoe kwanza. Gharama yake ni solda.

DarTone
Sawa mzee, lakini yangu ilinyamaza.

MzeeTransfoma
Hata redio iliyoungua hunyamaza.

MpwaniNgara
Nimesoma kimya kimya, lakini naona athi imetajwa kwa neno moja tu, na mimi lazima niseme.

Nilikuwa napigia besi bendi moja ya mtaani, tukaitwa harusi. Mpiga gita wetu alikuwa na amplifaya ya valvu ya zamani, na kila ikiunganishwa na mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) inavuma vibaya mno, watu wa meza za mbele wanageuka. Wenye harusi wakamleta fundi wa stima aliyekuwa amefunga taa. Yule bwana hakuuliza kitu. Akafungua plagi, akakata waya wa kijani na njano, akafunga. Washa. Kimya! Mvumo wote umekwenda. Akapigiwa makofi, akapewa sahani ya pilau, kila mtu anamwita injinia.

Tukapiga nyimbo mbili tatu vizuri. Halafu mpiga gita akasogea kwenye maikrofoni kuitikia kiitikio. Mkono uko kwenye nyuzi, midomo ikagusa maikrofoni. Jamani, sijaona mtu kurushwa hivyo. Alianguka chali gita likiwa shingoni, midomo imeungua, vidole havifunguki. Kilichomwokoa ni kwamba ule uzito wa kuanguka uling'oa waya wa gita. Watu walidhani ni sehemu ya onyesho, kuna mama alipiga kigelegele.

Baadaye ndio tukaelewa. Transfoma ilikuwa imechakaa ndani, inavujisha stima kwenye chasi, na athi ndiyo iliyokuwa ikiimeza siku zote. Ilipokatwa, chasi na nyuzi za gita zikawa na stima, na maikrofoni ina athi kupitia mikisa. Mtu akawa daraja. Mvumo wenyewe ulitokana na amplifaya na mikisa kuchomekwa soketi mbili tofauti, kila moja na athi yake. Wangezichomeka kwenye ekstensheni moja, na kama haitoshi waweke transfoma ndogo ya sauti kati yao.

Kwa hivyo NyuziSita, ndugu yangu, fanya hesabu zote za Faradi. Athi usiiguse.

BengaDaima
Pole kwa jamaa. Lakini mnaona? Transista haifanyi hivyo.

Faradi
Inafanya. Chasi ni chasi. Ukikata athi ya kitu chochote chenye sanduku la chuma, uko kwenye bahati nasibu.

NyuziSita
Mpwani umenitisha. Swali la kijinga: je, kama plagi ina pini mbili? Transfoma yangu ni ya Kimarekani, ya volti 120, jamaa aliniuzia bei poa. Naitumia na kile kijisanduku cha kushusha 240 kuwa 120, na tundu zake ni mbili tu. Pia ile transfoma inatetemeka kidogo ukiiwekea mkono, na inapata joto. Nilidhani ni kawaida.

MzeeTransfoma
MUNGU WANGU. Haya ndiyo nilikuuliza swali la kwanza kabisa, "transfoma umeitoa wapi?"

Vijisanduku vingi vya bei rahisi vina koili moja tu ndani, havitenganishi chochote na stima. Na huna athi. Sasa hivi usiiwashe. Pili, transfoma iliyotengenezewa hezi 60 pekee ikilishwa hezi 50 kwa volti zile zile, chuma chake kinajaa sumaku kwa moja ya tano zaidi. Ndiyo maana inatetemeka na kuchemka. Na sumaku hiyo inayomwagika inaingia kwenye chasi yako ya mabati, inatembea hadi kwenye transfoma ya spika. Umeziweka vipi hizo mbili, zinatazamana au zimepishana nyuzi 90?

NyuziSita
Zinatazamana. Ilipendeza hivyo.

Faradi
Basi swali la choku limeahirishwa. Kama kuna kitu jamaa wa Uingereza anafaa kubeba ni transfoma ya volti 240, hezi 50. Pesa zote ziende huko. Zungusha moja kwa nyuzi 90, weka waya wa pini tatu, athi yake ishikwe kwa boliti yake peke yake karibu na mahali waya unapoingilia, na ukwangue rangi hadi chuma king'are.

DarTone
Na athi za sauti zote zikutane nukta moja.

MzeeTransfoma
Si lazima nukta moja. Mimi nagawa: kapasita za 6V6 na kathodi yake huku, za 12AX7 pamoja na jeki ya kuingizia kule, na ile ya kule ndiyo inashikwa kwenye chasi.

DarTone
Nukta moja ndiyo sahihi, mzee. Vitabu vyote vinasema.

MzeeTransfoma
Vitabu havijawahi kukaa na redio Ngara saa sita usiku.

BengaDaima
Hiyo transfoma ni nzito, jamaa atalipia mzigo wa ndege. Na mafundi wa kuwinda mota hapa mjini, wale wanaozungusha waya upya kwenye koili? Hawawezi kuwinda ya 240?

MzeeTransfoma
Wanaweza, ukiwapa vipimo vyote na ukisimama pale kuona karatasi ya kutenganisha ikiwekwa kati ya koili. Ukienda kunywa chai, wataokoa karatasi.

MpwaniNgara
NyuziSita, ile soketi ya nyumba yako, umeipima kama tundu la juu lina athi kweli? Nyumba nyingi za kupanga lina tundu, nyuma hamna waya.

NyuziSita
Sijapima. Landilodi akisikia nimefungua soketi yake nitahama. Picha nitaweka kesho.

BengaDaima
Mzee, umetaja redio. Una hata moja ya valvu inayofanya kazi? Babangu alikuwa na ile ya jicho la kijani linalofunga ukishika stesheni.

MzeeTransfoma
Ninazo mbili. Jicho la moja limefifia, ila Mawimbi Mafupi inashika vizuri usiku. Siuzi.

BengaDaima
Sijasema nanunua. Nataka kuisikia tu na rekodi zangu za benga. Uko Ngara upande upi?