Nimemaliza HR, nipo Tabora: nijitolee halmashauri, niende wakala wa ajira Dar au mkataba wa Kasulu?

Binti_Cheyo
Mwangaluka wakuu. Nimemaliza digrii ya rasilimali watu mwaka jana, tangu hapo nipo nyumbani Tabora. Sasa milango mitatu imefunguka kwa mpigo na natakiwa kujibu kabla ya Ijumaa. Wa kwanza ni kujitolea ofisi ya utumishi halmashauri hapahapa. Wa pili, wakala wa ajira Dar wamenipigia, kazi yenyewe ni kuyatafutia makampuni watu. Wa tatu ni shirika linalohudumia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wanataka msaidizi wa HR akae Kasulu. Mngekuwa nyie mngeshika ipi? Mama anasubiri nimwambie.

Kona_ya_Isevya
Mdogo wangu yale ya maana yote umeyaacha. Hao wa Dar wanalipa mshahara au kamisheni? Kasulu mkataba wa muda gani? Dar una ndugu wa kufikia au utapanga? Hapo tutapiga ramli tu.

Mzee_wa_Masijala
Mwanangu nenda halmashauri. Mimi nimestaafu utumishi, najua ninachosema. Utaanzia masijala, utaandika namba za folio kwa peni nyekundu mpaka uote usiku, ila faili la mtumishi utalijua toka barua ya ajira, kuthibitishwa kazini, kupanda daraja, likizo, mpaka mirathi. Mtu asiyejua kusoma faili huyo sio afisa utumishi hata awe na digrii tatu.

Mgebuka_wa_Ujiji
Shikamoo mzee, ila siku hizi barua ya kujitolea haikupi kazi. Nafasi zinatangazwa Ajira Portal, ile tovuti ya serikali ya kuombea kazi, mnaitwa usaili wa kuandika mkiwa mamia, ukipita unaenda mahojiano, na ukifaulu nafasi zikiwa zimejaa unakaa kanzidata unasubiri. Aliyejitolea miaka miwili na aliyekuwa analima tumbaku Urambo wanakaa chumba kimoja wanajibu maswali yaleyale.

Mzee_wa_Masijala
Marahaba. Lakini maswali hayo aliyejitolea anayajibu vizuri zaidi.

Binti_Cheyo
Samahanini, nilikuwa na haraka. Dar ni nauli tu miezi mitatu ya mwanzo, halafu kamisheni kwa kila mtu ninayemweka kazini. Nina shangazi Mbagala. Kasulu ni miezi sita, wanakatia NSSF ya uzeeni, mshahara wamesema tutaongea. Halmashauri hakuna hata posho ila nalala nyumbani. Fildi nilifanya benki, nilikuwa napanga tu fomu za likizo.

Mgebuka_wa_Ujiji
Hapo Kasulu, bila kufikiria mara mbili. Mimi nipo huku mwaka wa nne. HR wa shirika la kambini anatangaza kazi, anapokea maombi mia tatu ya nafasi moja ya dereva, anachuja, anaita usaili, anapiga simu kwa wadhamini, anaandika mkataba. Mwisho wa mwezi unakaa na mhasibu mnapiga mahesabu, NSSF asilimia 20 nusu yake ya mwajiri, WCF ya fidia ya wanaoumia kazini asilimia 0.5, SDL ile tozo ya ufundi stadi asilimia 3.5 kama wafanyakazi wanafika kumi, na PAYE, yaani kodi ya mishahara, iwe imeingia TRA kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Miezi sita ya hivyo ukienda intavyuu popote una la kuongea.

Kona_ya_Isevya
Na wafadhili wakikata hela je? Warundi wanarudi kwao, kambi ya Mtendeli ilishafungwa 2021. Msije mkampeleka mtoto wa watu mahali panapofungwa virago.

Mgebuka_wa_Ujiji
Ndugu, hata kupunguza watu ni kazi ya HR, tena ndipo sheria inapoonekana. Kuna kutoa notisi, kukaa na wafanyakazi na chama chao, kukubaliana vigezo, kulipa kiinua mgongo. Akiyaona hayo kwa macho amejifunza kuliko darasani.

Fundi_Kiloleni
Binti nisikilize na mimi, hili bado linaniuma. Nilitoka chuo nikaingia kampuni ya ujenzi, jina naliacha, HR nikiwa peke yangu. Ijumaa moja saa kumi jioni meneja wa mradi ananiletea karatasi ina majina kumi na moja, andaa barua, Jumatatu hawa wasivuke geti. Nikauliza kosa lao nini, akasema wanachelewesha kazi. Hakuna onyo hata moja kwenye faili, hakuna kikao cha nidhamu, na mimi sheria ya ajira ya 2004 nilikuwa nimeisoma kabisa, kwamba lazima kuwe na sababu ya haki na utaratibu wa haki, lakini sikuwa na mtu wa juu yangu wa kusimama naye. Nikaandika. Tena nikasaini mimi, k.n.y. meneja. Watu wakajaza fomu namba moja ya CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ndani ya siku 30 za kulalamikia kuachishwa, tukaitwa. Mwamuzi anauliza barua ya kuwaita kwenye kikao iko wapi, muhtasari uko wapi, nani alikuwa mwenyekiti. Wakili wa kampuni akanigeukia mimi. Nje kwenye benchi kulikuwa na fundi nondo mmoja mtu mzima ambaye kila saa nne alikuwa ananigawia karanga zake, kashika barua yenye saini yangu kaikunja mara nne, na alinisalimia kama kila siku. Kampuni ilishindwa ikalipa, mkataba wangu haukuongezwa, lakini kinachorudi usiku ni ile salamu. Kwa hiyo usiulize mshahara kwanza, uliza juu yako kuna nani. Kama Kasulu kuna HR mkubwa mwenye uzoefu, nenda. Kama utakuwa peke yako, kaa na mzee masijala.

Mzee_wa_Masijala
Pole sana kijana wangu. Hicho ndicho ninachokisema siku zote.

Dada_Recruta
Mbona Dar mmeitupa haraka hivyo? Nilianza kwa wakala, leo natafutia watu makampuni ya madini na ujenzi. Ukishajifunza kuongea na mteja mpaka akuambie anataka mtu wa namna gani, na kumsoma mtu kwenye simu dakika tano, hulali njaa. Tatizo sio kamisheni, tatizo ni wakala gani. Muulize swali moja, mnaomba wanaotafuta kazi hela ya fomu? Akisema ndiyo, kimbia. Kisheria anayelipa ni mwajiri, mtafuta kazi hachajiwi. Nimewahi kuona kijana kauza kuku wote wa mama yake ili "asajiliwe".

Kona_ya_Isevya
Kupanda daladala Mbagala mpaka Posta kila siku kwa miezi mitatu bila mshahara, dada, si kila mtu ana kifua hicho.

Dada_Recruta
Na huko halmashauri atakula nini, mafaili?

Asali_ya_Sikonge
Mnagombana bure jamani. Hapa kwetu AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima wa tumbaku, zinaajiri makarani kila msimu kwa maneno ya mdomo, hakuna mkataba, msimu ukiisha ni ugomvi wa malipo. Binti akijua kuandika mkataba wa msimu kwa Kiswahili kinachoeleweka, vyama viwili vitatu vitamlipa akiwa nyumbani. Sisi tulitafuta mtu mwaka mzima.

Binti_Cheyo
Asanteni wote. Nimewapigia Kasulu, nimeuliza kama alivyosema Fundi, wakasema HR mkubwa yupo Kigoma mjini anakuja kambini mara mbili kwa mwezi. Sijui hiyo ni kuwa peke yangu au sio. Asali, naomba nikutumie ujumbe.

Fundi_Kiloleni
Uliza barua za kuachisha kazi zinasainiwa na nani. Hilo tu.

Mjukuu_wa_Kasulu
Samahani natoka nje ya mada, kuna anayejua, jina la NIDA likitofautiana herufi moja na cheti cha form four, Ajira Portal wanakubali au mpaka deed poll, ile hati ya kubadili jina? Usaili wangu ni wiki mbili zijazo.

Mzee_wa_Masijala
Herufi ipi, ya mwanzo au ya mwisho? Na cheti cha kuzaliwa kinasemaje?