Naomba ushauri: unyunyu wa mbao na viungo unamfaa mwanamke mcheshi, au ni wa watu wapole?

Wa Kibosho Mjini
Habari zenu wakuu. Naomba mnisaidie kabla sijatoa hela.

Nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja hapa Arusha, kwetu ni Kibosho, Moshi. Mwezi wa 12 nina sendofu Moshi na natafuta unyunyu mmoja wa maana, siyo hizi za kunukia pipi ambazo ukipanda kifodi asubuhi unakutana nazo kwenye kila siti.

Kuna mgeni alipita pale kaunta akinukia vizuri mno, nikajikaza nikamuuliza. Akanitajia Oud Wood ya Tom Ford. Nikaenda kwa jamaa anayepima manukato mjini, akanipimia kidogo kwenye kichupa cha kubingirisha. Mwanzoni inakuja iliki na kitu cha pilipilipili hivi, ikishatulia inakuwa kama kabati la mbao la bibi likifunguliwa. Naipenda hadi nanusa kiganja nikiwa naandikia watu risiti.

Sasa mchumba wangu anasema nanukia kama baba yake. Na muuzaji mwenyewe aliniambia, "Hii dada ni ya mtu mpole, mtu wa maneno machache, bosi." Mimi jamani siyo mpole. Nikicheka kaunta, jikoni wanasikia. Ni kweli harufu zina watu wake? Au nirudi zangu kwenye maua na vanila?

Tajiri Mtarajiwa
Kama baba mkwe ana hela, basi unanukia hela. Chukua.

Binti wa Mji Mkongwe
Mdogo wangu, hongera kwanza. Shemeji umwambie taratibu kwamba udi, ndiyo hiyo "oud" ya kwenye jina la unyunyu wako, haujawahi kuwa wa kina baba peke yao. Kwetu Zanzibar bibi harusi ndiye anayefukizwa hasa: chetezo kina makaa, udi juu, moshi unapita kwenye nguo, kwenye nywele, mpaka kitandani. Na babu wa nyumba hiyohiyo anajifukiza udi uleule akielekea msikitini Ijumaa. Sijasikia mtu akiuliza huu ni wa kike au wa kiume. Hayo ni mambo ya rafu za madukani, na wenye maduka wenyewe walishaanza kuyalegeza zamani. CK One ilitoka 1994 ikitangazwa kwa wote. Hiyo Oud Wood yako, ya 2007, nayo ni ya wote.

Ila usije ukaenda kwa mama mkwe wa Kipemba ukasema unapaka udi, atakucheka. Udi wenyewe unatoka kwenye miti ya Asia ambayo imeingiwa na kuvu, mti ukajitetea kwa kutoa utomvu mweusi wenye harufu. Ukiunusa mkavu una ukali, wengine wanasema kuna zizi la ng'ombe ndani yake. Kwenye Oud Wood umepozwa na msandali, vanila na tonka (mbegu yenye harufu tamu), umekuwa mtu wa ofisini. Siyo vibaya, kwa anayeanza ni mahali pazuri.

Dereva wa Mbugani
Mimi ni mwanaume na kazi yangu ni kuongea kuanzia Arusha mpaka kreta ya Ngorongoro. Mgeni aliwahi kuniachia chupa ya Wonderwood ya Comme des Garçons, pilipili manga, kungumanga na mbao tupu. Ndiyo napaka mpaka leo, tena kidogo. Ndani ya gari lililofungwa vioo kwa ajili ya vumbi, mwongeaji akipaka kitu kinachoongea zaidi yake, wageni wanafungua dirisha na vumbi lao. Harufu ya mbao inatulia karibu na mwili, inaniachia mdomo ufanye kazi yake. Kwa hiyo huyo muuzaji kageuza mambo. Mcheshi ndiye anayehitaji harufu isiyoshindana naye. Mtu kimya akipaka hiyo, wote wawili watapotea ukumbini.

Mwalimu wa Sakina
Dereva umeongea vizuri lakini nakupinga. Mambo ya "harufu ya mtu jasiri", "harufu ya mtu wa siri" yameandikwa na watu wanaouza chupa. Dada yangu mkubwa ni mkali kuliko mwalimu wa nidhamu na anapaka vanila tupu, na hakuna anayemzoea kwa sababu hiyo.

Swali la kumuuliza bibi harusi ni moja: unataka kusifiwa na aliyekaa meza ya mwisho au na anayekukumbatia? Vanila na maua matamu vinafika mbali. Mbao na viungo mtu mpaka akusogelee. Sasa sendofu ya Uchagani, kuanzia shangazi mpaka majirani, wote watakukumbatia. Jibu unalo.

Mpima Manukato
Mimi nauza manukato hapa Arusha, siyo mimi niliyekupimia, msije mkanitafuta. Mmejadili tabia vizuri ila kuna mawili yamepita.

La kwanza: kama kichupa chako kina mafuta ya kupima, ulichonacho ni mwigo wa Oud Wood. Mwigo mzuri unakaribia sana harufu ya mwisho, lakini mwendo wake kwenye ngozi ni mwingine. Orijino ya kupuliza ina spiriti, inaruka haraka na kuinua ile iliki na pilipili hewani kabla mbao hazijaingia. Mafuta hayaruki hivyo, yanalala palepale ulipoyapaka. Unaweza ukapenda moja na usipende lingine. Tafuta anayepunguza kutoka kwenye chupa orijino, akupulizie mbele yako, ukae nayo siku nzima. Usinunue chupa nzima kwa kunusa karatasi dukani. Dakika za mwanzo ndizo zinazouza, saa za baadaye ndizo utakazoishi nazo.

La pili ni hali ya hewa, na hili ndilo linalowaangusha wengi. Arusha tupo kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari na sasa hivi ni Julai, kila mtu na sweta. Baridi inakandamiza harufu. Moshi mjini iko chini, mita 800 na kitu, na Desemba jua linawaka. Joto ndilo linalorusha manukato mwilini. Hicho unachokinusa kwa kuinamia kiganja hapa kaunta, Moshi kitakutangulia mlangoni. Viungo hasa vinakuwa vikali. Kwa hiyo kiasi unachopaka leo usikibebe kwenda nacho kwenye sherehe. Shuka Moshi siku moja yenye jua, upake, utembee mchana, uone.

Mpenda Miti
Naongezea kwa sababu msandali umetajwa. Ukikutana na mtu anakuuzia vipande vya msandali wa porini eti ufukize mwenyewe upate harufu hiyohiyo, mpite. Msandali wetu wa Afrika Mashariki huwa unang'olewa na mizizi kwa sababu mafuta yapo mpaka huko chini, ukishachukuliwa hauchipui. Tangu 2013 biashara yake ya kimataifa inadhibitiwa chini ya CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini.

Wa Kibosho Mjini
Asanteni sana. Dereva na Mwalimu mmenichekesha, nimewasomea wenzangu hapa zamu ya usiku. Kumbe kichupa changu ni cha mafuta kweli, kinateleza. Nitatafuta cha kupuliza, Jumamosi nakwenda nyumbani nijaribu. Mchumba nimemwonyesha jibu la Binti wa Mji Mkongwe, anasema atafikiria.

Gauni ni jeupe, nipake wapi?

Mpima Manukato
Mwilini, kabla ya gauni. Mafuta yakigusa kitambaa cheupe yanaacha alama ya njano, hata ya kupuliza mengine yana rangi. Oga, paka losheni isiyo na harufu ngozi isiwe kavu, halafu pulizia kifuani na nyuma ya shingo, uache ikauke ndipo uvae. Kwa joto la Moshi mara mbili zinatosha. Jioni ukumbi ukipoa, msimamizi wako awe na kichupa kidogo kwenye mkoba akuongezee viganjani.

Tajiri Mtarajiwa
Mpima, kupunguziwa hiyo orijino inaanzia bei gani? Nauliza kwa niaba ya baba mkwe.

Mpima Manukato
Njoo inboksi.