Tumechoka kuambiwa "yamalizeni wenyewe kama majirani": kelele, matusi na visasi mtaani kwetu Ngamiani, Tanga

Wana Tanga wenzangu, na wengine wote mnaoishi katika mitaa ya nyumba zilizobanana kama yetu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Kwa miezi minane nimefuata kila njia ambayo raia mtulivu huambiwa aifuate. Nimeandika barua, nimekaa kwenye mabenchi ya ofisi, nimerudi siku niliyoambiwa nirudi, na malipo niliyopata ni jina langu kufikishwa kwa watu wale wale niliowalalamikia, jua likiwa halijazama siku ile ile niliyotoka kulalamika. Sitautaja mtaa wala namba ya barabara, kwa sababu mama yangu bado analala katika nyumba hiyo na dirisha lake linatazama njia.

Kwa asiyeijua Ngamiani, nieleze kidogo. Barabara zetu zina namba badala ya majina, zimenyooka na kukatana, na nyumba nyingi ni zile za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, na mbele kibaraza kinachogusana na njia. Uchochoro uliopo kati ya ukuta wetu na wa jirani hautoshi watu wawili kupishana. Mtu akikohoa chumbani mwake, jirani humpa pole akiwa kitandani kwake. Kwa kuwa tunaishi hivyo, wazee wetu walijiwekea adabu ambazo hazikuandikwa popote na kila mtoto alizijua: redio hupunguzwa baada ya sala ya Isha, mtu hasemi maneno machafu barazani watoto wakipita kwenda chuoni kusoma Kurani, na nyumba moja ikifiwa, muziki huzimwa mtaa mzima mpaka tanga lianuliwe.

Mwaka jana ilifunguliwa grosari ya pombe kwenye kona, hatua ishirini hivi kutoka mlangoni kwetu. Mwanzoni ilikuwa friji moja na viti vinne vya plastiki, na hakuna aliyesema neno, kwa sababu kila mtu anatafuta riziki. Baadaye zikaja spika mbili ndefu kama mlango. Baada ya spika likaja kundi la vijana waliokifanya kibaraza cha jirani kuwa kijiwe chao, pamoja na bodaboda ambazo eksozi zake zimetobolewa makusudi ili zilie kama risasi. Siku hizi, kuanzia Alhamisi hadi Jumapili, muziki unapigwa hadi saa tisa usiku. Bangi inavutwa hadharani. Uchochoro wetu umekuwa choo, kiasi kwamba asubuhi mama hufungua dirisha la uani na kulifunga tena papo hapo. Wasichana wangu wawili wa shule hawapiti tena kona ile. Huzunguka barabara nzima ili wasisikie wanayotamkiwa, na mkubwa wao ana miaka kumi na minne tu.

Kuna watu walioniambia nifunge madirisha. Nawaomba waje walale Ngamiani usiku mmoja wa kaskazi, upepo umekufa, joto limekaa ndani ya ukuta tangu mchana, halafu wafunge madirisha na kulala ndani ya chandarua. Mama ana miaka sabini na mitatu na ana shinikizo la damu. Daktari amemwandikia dawa na amemwambia apumzike vya kutosha. Dawa tunanunua. Usingizi hauuzwi duka lolote la dawa, na aliyetunyang'anya anajulikana, ana jengo na ana leseni ukutani.

Jambo lililonifanya niache kuvumilia lilitokea mwezi wa kwanza. Bibi mmoja wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alifariki Ijumaa alfajiri, akazikwa siku hiyo hiyo baada ya sala ya Ijumaa, na jioni wanawake wakakaa ndani kwa ajili ya khitma huku wanaume wakiwa kwenye mikeka nje. Mzee mmoja alikwenda kwa heshima zote kumwomba mwenye grosari azime muziki kwa usiku ule tu. Akajibiwa, "Sawa mzee, tumekuelewa." Ukapunguzwa kwa muda usiozidi nusu saa. Ilipofika saa tatu, wafiwa wakiwa bado wanasoma, spika zikafunguliwa kuliko siku nyingine zote, na kijana mmoja akacheza katikati ya njia mbele ya mikeka ya msiba akishangiliwa na wenzake. Nilimwona mtoto wa marehemu, mtu mzima mwenye mvi, akijifunika uso kwa kofia yake. Sijapata kuona jambo kama hilo katika mji huu tangu nizaliwe, na sitaki mtu yeyote aniambie kwamba hiyo ni burudani au kwamba vijana ndivyo walivyo.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda ofisi ya mtaa na barua yenye tarehe, saa na maelezo ya kila tukio, kwa kuwa tangu mwanzo nilikuwa naandika kwenye daftari. Nilipokewa vizuri. Barua haikusomwa hadi mwisho. Kiongozi aliikunja, akaniambia, "Mwalimu, hawa ni watoto wetu. Kaeni kitako myamalize kama majirani." Nilimwomba aigonge mhuri nakala yangu ili niwe na ushahidi kwamba ameipokea, akasema hakuna haja ya kufika huko. Saa kumi na moja jioni ya siku hiyo, nikirudi kutoka sokoni, vijana wanne walisimama wakaniamkia kwa pamoja: "Shikamoo mwalimu. Tumesikia umetuchoma." Usiku ule mawe matatu yaliangukia bati letu, na asubuhi tukakuta pipa la taka limemwagwa kibarazani.

Niliporudi kueleza juu ya mawe, niliitiwa kikao cha suluhu. Nilikwenda, kwa sababu nilidhani sasa watasikiliza. Katika kikao hicho nilitakiwa niwaombe radhi vijana kwa kuwapeleka mbele bila kuzungumza nao kwanza, ilhali mzee wa watu alikwisha kuzungumza nao usiku wa msiba na sote tuliona matokeo yake. Nikaulizwa kama niko tayari "kupunguza" ili na wao wapunguze. Nipunguze nini mimi? Nipunguze usingizi wa mama yangu? Suluhu ni ya watu wawili waliokoseana, kila mmoja akiwa na cha kumrudishia mwenzake, na mimi sina spika, sina mawe, wala sijamkojolea mtu ukutani. Mtu anapovunja sheria mbele ya macho ya mtaa mzima, kisha kiongozi akayaita mambo hayo ugomvi wa majirani, amekwisha kumsaidia mkosaji, kwa sababu amemgeuza mlalamikaji kuwa mgomvi. Kituo cha polisi nako swali la kwanza nililoulizwa lilikuwa, "Una ugomvi gani na hao?"

Hili ndilo linaloniuma kuliko kelele zenyewe. Kelele zina dawa, na dawa hiyo imeandikwa. Kanuni za viwango vya udhibiti wa kelele na mitetemo zilitungwa mwaka 2015 chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, nazo zinatenganisha maeneo ya makazi na maeneo ya biashara, mchana na usiku, na kiwango cha usiku ni cha chini zaidi. Sheria hiyo ya mazingira haikuliachia Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira peke yake kazi yote. Halmashauri nazo zinatakiwa kuwa na maofisa wa mazingira. Mkojo na taka katika uchochoro ni jambo la afisa afya, kwa Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009. Grosari inaendeshwa kwa leseni chini ya Sheria ya Vileo, Sura ya 77, na leseni ya vileo ina masharti na saa zake, na hutolewa kwa muda, maana yake ni kwamba kila inapoombwa upya mamlaka inayo nafasi ya kuuliza wakazi wanaishije na biashara hiyo. Sisi hatujaulizwa hata mara moja.

Kuhusu jina langu kupelekwa kijiweni, nchi hii ina Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Ilitungwa kwa sababu Bunge lilijua kwamba mtu akitoa taarifa na kufichuliwa, hatatoa nyingine, na majirani zake watajifunza kunyamaza. Hivyo ndivyo ilivyotokea kwetu. Kabla ya mawe, kaya kumi na tisa zilikubali kutia sahihi barua ya pamoja. Baada ya mawe zimebaki kumi na moja. Siwalaumu walioondoa majina yao. Mmoja wao ni mjane anayekaanga samaki kibarazani usiku na hana mlango mwingine wa kuingilia.

Katiba yenyewe, ibara ya 16, inasema mtu anastahili hifadhi kwa nafsi yake, familia yake na maskani yake. Ibara ya 146 imezipa serikali za mitaa kazi ya kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi, na mitaa inatambuliwa kuwa sehemu ya mfumo huo katika miji. Tarehe 27 Novemba 2024 tulipanga mstari tukachagua wenyeviti wa mitaa nchi nzima. Hakuna aliyegombea akisema kazi yake itakuwa kuwapatanisha wanaorusha mawe na wanaorushiwa.

Najua hoja zitakazoletwa hapa, na nataka nizijibu mapema. Atakuja mtu aseme kwamba sisi watu wa Tanga ndio wenyewe wa ngoma na taarabu, leo tunajifanya hatupendi muziki. Harusi ya mtaani tunaijua. Mwenye shughuli hupita nyumba kwa nyumba kutoa taarifa, huomba kibali cha kufunga njia, wanawake hukusanyika kukuna nazi na kupika, na usiku huo mmoja hata mgonjwa huvumilia kwa sababu kesho kuna kimya. Jambo linaloendelea kwetu halina mwenye shughuli wala kesho. Mwingine atasema vijana hawana ajira. Ni kweli, na inaniuma, kwa sababu wawili kati yao nimewafundisha darasani na najua walikuwa na akili. Lakini mama yangu hakuwanyima ajira. Na yule kati yao aliyezama kwenye unga, simhesabu pamoja na wenzake, kwa kuwa yule ni mgonjwa. Tiba ya methadoni, dawa ya kuwasaidia watu kuachana na unga, ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 na leo ipo hata hapa kwetu, hospitali ya Bombo, na ningefurahi zaidi kumwona anasindikizwa huko kuliko kuona anakimbizwa na marungu.

Nimetaja marungu kwa makusudi. Wiki iliyopita baadhi ya wanaume wa mtaani walianza kusema kwamba, kwa kuwa ofisi zimeshindwa, wao watalivamia jengo lile usiku na kulimaliza jambo kwa njia yao. Nilisimama nikapinga, na nitaendelea kupinga, kwa sababu tunajua watu wenye hasira wakikusanyika usiku huishia kumuua mtu, na mara nyingi siye aliyekosa. Ila viongozi wafahamu kwamba maneno hayo hayakutoka hewani. Yametoka kwenye benchi la ofisi yao.

Ninachotaka si kikubwa. Malalamiko ya mkazi yaandikwe kwenye daftari la ofisi, apewe nakala yenye mhuri, na jina lake libaki ofisini. Afisa mazingira aje na kipimo cha sauti, aje usiku, siyo saa nne asubuhi wakati spika zimelala. Mkaguzi wa polisi wa kata apite saa sita ya usiku wa Ijumaa, ajionee. Mamlaka ya leseni itusikilize kabla ya kuhuisha leseni ile. Na uitishwe mkutano wa wakazi wa mtaa ambao ajenda yake ni hii peke yake, siyo "mengineyo" ya dakika tano za mwisho watu wakiwa wamekwisha kuinuka.

Barua ya tatu, yenye sahihi kumi na moja, naipeleka kwa Mkurugenzi wa Jiji Jumatatu asubuhi, na nakala kwa afisa mazingira na kwa Mkuu wa Wilaya. Mara hii sitaondoka dirishani bila mhuri. Kama kuna mtu humu, awe wa Makorora, Mikanjuni, Bagamoyo au kwingineko, ambaye amewahi kufanikiwa kuleta kipimo cha sauti mtaani kwake, tafadhali aeleze alianzia ofisi gani, aliandika nini, na ilichukua siku ngapi. Anayetaka kuniambia nihame, nyumba hii aliijenga baba yangu, na kaburi lake liko karibu. Sihami.