Draya za akiba zilizokaa stoo miaka mingi: zinafaa kufungwa kwenye friji?

Swali: FundiBaridi

Wakuu, habari za kazi. Katika kupanga upya stoo ya karakana nimekuta boksi la draya ndogo za shaba (vichujio vinavyonyonya unyevu ndani ya mabomba ya gesi), zile za friji za nyumbani, zilizoachwa na fundi aliyenitangulia. Zote ni mpya kwa maana ya kwamba hazijawahi kufungwa kwenye mtambo wowote. Baadhi bado zina ncha zilizozibwa kiwandani, lakini nyingine zimefunikwa kwa vifuniko vya mpira tu, na vifuniko viwili tayari vimekauka na kupasuka. Lebo zinazosomeka zimeandikwa R-12, yaani gesi ya friji za zamani, zilizobaki zimefutika. Naomba kujua kama umri peke yake unatosha kuiharibu draya, na kama zile zilizoingiwa na hewa ninaweza kuzikausha kwenye oveni kisha nikazifunga kwenye friji za gesi ya R-134a, ambazo ndizo ninazopokea mara nyingi.

Jibu: Kapilari

Ndugu, chembe zilizomo ndani ya draya ni zeolaiti, madini yenye vitundu vidogo mno vinavyonasa maji, nayo haiozi wala haichachi kwa kukaa, kwa hiyo jambo la kuuliza ni kama imewahi kuonana na hewa. Matundu yake yana upana wa angstromu 3 au 4 hivi (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita), yanayotosha kuipokea molekuli ya maji na kuikataa ile ya gesi iliyo kubwa zaidi, na njaa yake ya maji ni kubwa kiasi kwamba inaweza kubeba takriban sehemu moja ya tano ya uzito wake. Draya yenye gramu 15 za chembe itashiba kwa gramu 3 za maji, na kiasi hicho hupatikana kwenye hewa ya kawaida bila shida yoyote. Ndiyo maana iliyozibwa kwa shaba kiwandani huweza kukaa muda mrefu ikiwa salama, ilhali yenye kifuniko cha mpira uliopasuka nisingeihesabu kuwa draya tena. Hicho ni kipande cha bomba chenye wavu ndani.

Ukitaka kujiridhisha, toa moja kafara. Ikate, mwaga chembe kwenye bilauri ya glasi (usiziweke kiganjani), kisha zidondoshee maji kidogo. Chembe kavu hupata joto kali papo hapo, joto unaloweza kulisikia kwa kugusa nje ya bilauri. Chembe zilizoshiba hazifanyi lolote. Jaribio hilo linakupa jibu la ile uliyoikata tu. Likikuonyesha kwamba chembe zimeshiba, basi zote zilizofunikwa kwa namna ileile zitilie shaka.

Jibu: GejiMbili

Nakubaliana na mwenzangu kuhusu kuziba, ila amepita haraka kwenye lebo, na mimi naona lebo ndiyo inayoamua hapa. Draya za enzi ya R-12 kwa kawaida zilijazwa chembe za aina ya XH-5. R-134a ilipoingia, baada ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kuanza kuiondoa R-12 sokoni, ilionekana kwamba molekuli yake inaweza kupenya katika matundu ya chembe hizo na kuvunjwavunjwa humo hadi kuzaa asidi, na ndipo zikaletwa XH-7 na XH-9. Kwa hiyo hata ile iliyozibwa vizuri kabisa, kavu kama ilivyotoka kiwandani, haifai kwa friji ya R-134a iwapo ilitengenezwa kwa ajili ya R-12. Na ile isiyo na maandishi yoyote, utaifungaje kwa mtu ukiwa hujui ndani mna nini?

FundiBaridi

Nashukuru sana. Hilo la aina ya chembe sikulijua. Hata hivyo bado sijapata jibu la oveni, na kuna fundi aliniambia kwamba hata draya yenye unyevu husafishwa na pampu ya vakyumu ikiachwa ivute muda mrefu.

Jibu: Kapilari

Pampu haiwezi. Ukishusha shinikizo la mtambo hadi mikroni 500 (vakyumu kali), maji yaliyo huru ndani ya mabomba huchemka na kutoka, lakini yaliyoshikwa na zeolaiti hayaachii kwa vakyumu peke yake katika joto la kawaida. Kuyaachisha kunahitaji nyuzi 200 hadi 300 za Selsiasi pamoja na vakyumu au gesi kavu inayopita katikati ya chembe ili kuyabeba. Oveni haina mkondo huo wa gesi kavu, hewa yake yenyewe ina mvuke, na draya ikianza kupoa huvuta tena unyevu kupitia ncha zake kabla hujapata hata nafasi ya kuziziba. Utachoma saa mbili za umeme upate kitu usichoweza kukithibitisha.

Kwa sababu hiyohiyo, draya ya zamani inayotolewa kwenye friji ikatwe kwa kikata bomba. Ukiichomoa kwa moto, joto lako linayafukuza maji yaliyokuwa yamenaswa na kuyarudisha ndani ya mabomba. Kwenye friji za gesi ya R-600a kuna hatari nyingine juu ya hiyo, kwani gesi yenyewe inawaka.

Jibu: MafutaSafi

Niongeze upande wa mafuta ya kompresa. Friji za R-134a hutumia mafuta ya esta, ambayo hunyonya unyevu kuliko mafuta ya madini ya zamani, na yakikutana na maji huanza kuvunjika na kutoa asidi. Mteja ataona friji inapoza saa kadhaa, inaacha, inazimwa, barafu iliyoziba mdomo wa kapilari (bomba jembamba linalofuata baada ya draya) inayeyuka, kisha inapoza tena, na fundi asiye makini ataongeza gesi akidhani imepungua. Mimi hata draya mpya siifungui mpaka kazi nyingine yote ya kuchomelea imekwisha. Naikata ncha, naiweka ikielekeza upande wa kapilari chini, nachomelea naitrojeni ikipita taratibu, kisha pampu inawashwa mara moja.

FundiBaridi

Nimerudi na majibu. Nimekata moja yenye kifuniko cha mpira kilichopasuka: maji yamemwagwa, bilauri imebaki baridi. Nimekata nyingine iliyozibwa kwa shaba, yenye lebo ya R-12, na bilauri ikapata moto hadi nikaiweka chini. Nimezitupa zote za mpira na zote zisizo na lebo. Zilizozibwa zenye maandishi ya R-12 nimezitenga kwenye kopo lake, nikaandika juu yake kwamba zisifungwe kwenye R-134a, kwa ajili ya friji chache za zamani ambazo bado zina gesi hiyo.

Jibu: GejiMbili

Andika pia tarehe ya leo kwenye kopo hilo, ndugu, ili atakayekufuata asilazimike kuuliza ulichouliza wewe.