Fundi wa presi munamujua wote, leo amenitukana mbele ya shoferi

Patron_Kampemba:

Bandugu, sijanawa hata mikono, ninaandika na grisi juu ya simu.

Yule fundi wa idroliki, mitambo ya kusukumwa na presha ya mafuta, wa koti la bluu, mwenye funguo kubwa ambayo haijawahi kugusa boluti. Munamujua. Hapa Lubumbashi, kutoka mtaa wa Kenya mpaka mtaa wa Ruashi, hakuna atelye ambamo hajaingia akatoka na pesa ya watu. Leo amesimama katikati ya atelye yangu, mbele ya watoto wa kazi, mbele ya shoferi wa kamioni ya Kasumbalesa, akaniambia: «Patron, presi yako haina nguvu kwa sababu wewe mwenyewe hauna nguvu ya kununua pampu.»

Mbele ya shoferi!

Presi, mashine yangu ya kubana na kusukuma vyuma, ni ya tani 100. Ikiwa nzima, manometa, saa ya kupima presha, inapanda mpaka bar 250 na bushi, ule mviringo wa chuma uliobanwa kwenye tundu lake, inatoka, ipende isipende. Leo sindano ya manometa ikagoma kwenye 90. Hiyo ni tani 36 tu, bushi inatuangalia. Nikamwita huyo mtaalamu. Mtaalamu akaweka sikio juu ya pampu, akafumba macho, akasema imekufa. Basi! Hakuuliza mafuta yalibadilishwa lini. Hakutazama chujio. Hakugusa bomba la kurudisha mafuta tangini, na lile bomba lilikuwa la moto, ukilishika unaacha ngozi pale. Mafuta yanapenya kwenye supapu ya usalama, ile ya kufunguka presha ikizidi, yanarudi tangini, nguvu yote inageuka joto. Aliyeligusa ni mtoto wa kazi, mdogo kuliko wote. Tukazima mota, tukamaliza presha, tukafungua supapu: kipande cha mpira mweusi, hakifiki ukucha, kimekaa kwenye kiti cha supapu, pale inapojifungia, haifungi. Tukakitoa, sindano ikaenda 250. Bushi imetoka na mlio mpaka majirani wakafungua madirisha.

Na bwana huyu alitaka dola za pampu, tena duka la kuinunua alikwisha kulichagua! «Hauna nguvu.» Mimi! Shoferi amecheka mpaka akashika mlango wa kamioni asianguke. Sasa hivi yuko njiani, mpaka wote wa Zambia utaipata hiyo habari kabla ya shaba.

Mwana_Katuba:

Yaya, pole sana. Lakini sentensi ya fundi ni tamu. Nimemsomea bibi yangu, hajanyamaza.

Silinda_Likasi:

Munacheka, hakuna anayeuliza: kipande cha mpira kimetoka wapi? Mpira haukui ndani ya tangi. Mpira wa pistoni, ule wa kuzuia mafuta yasipite kando yake ndani ya silinda, umeanza kukatika, patron. Leo kipande kimoja kimekwama kwenye supapu, siku nyingine mafuta yatapita kando ya pistoni na supapu haitakuwa na kosa. Ziba njia ya kwenda silinda kwa tapu ya chuma, yaani kizibo, uwashe pampu. Presha ikipanda vizuri, silinda ndiyo inavuja kwa ndani. Ikikataa, rudi kwa pampu na supapu. Na asikudanganye mtu kwamba pistoni ikishuka haraka basi pampu ni nzima: bila mzigo hata pampu iliyochoka inashusha haraka.

Tena musikaze skrubu ya supapu kutafuta nguvu. Mafuta ya presha hiyo yakitoboa bomba yanaingia chini ya ngozi, tundu hulioni, na kidole kinakatwa.

Patron_Kampemba:

Mukubwa, aksanti, silinda tutaifungua. Lakini MBELE YA SHOFERI. Angeniita pembeni!

Kamalondo_Boy:

Ni huyo huyo! Kwangu alikuja kutazama presi, akaondoka na funguo yangu ya 24. Nikimpigia anasema yuko mbali, mji wa Kolwezi. Kila siku yuko Kolwezi, na kila jioni ninamuona Kenya anakula samaki.

Mwana_Katuba:

Funguo ya 24 si ndiyo ulimwazima shemeji yangu?

Kamalondo_Boy:

Shemeji yako bado ana klampu zangu mbili, usinianzishe.

Mama_Mafuta_Ruashi:

Na ninyi wenye presi nani anawalaumu? Munakuja dukani munaomba mafuta ya idroliki ya 46, munaona bei, munaondoka na mafuta ya injini yaliyotumika. Kisha eti presi haina nguvu.

Silinda_Likasi:

Mama, na heshima yote, 46 yako ya mwezi uliopita ilikuwa na povu tangu kwenye bidoni, kwenye dumu lake. Hewa ndani ya mafuta, pistoni ilishuka ikitetemeka, pampu ikalia usiku kucha.

Mama_Mafuta_Ruashi:

Povu! Umeyamimina kutoka juu ya ngazi, sasa unataka yasitoe povu? Uliyaacha yatulie? Bidoni gani, ya njano au ya bluu?

Silinda_Likasi:

Ya njano.

Mama_Mafuta_Ruashi:

Mimi siuzi ya njano. Nenda kwa jirani.

Mwana_Katuba:

Mama, bidoni tupu za bluu unauza ngapi? Ninatafuta ya maji.