Naomba ushauri: tiba ya kukubali hali kwa wanandoa wanaoishi na kisukari

Ndugu zangu, mume wangu anaishi na kisukari cha aina ya 2 kwa mwaka wa 6 sasa, na kila ninapomkumbusha kumeza dawa yake ya sukari, metformin, au kupunguza ugali, yeye husikia lawama na kunyamaza, nami hubaki na hofu juu ya macho na figo zake. Nimesoma kuhusu tiba ya kukubali hali, tiba ya kisaikolojia iliyoasisiwa na mwanasaikolojia Steven Hayes nchini Marekani katika miaka ya 1980, ambayo humfundisha mtu kuipokea hofu bila kupigana nayo, kisha kutenda yale anayoyathamini. Je, kuna wanandoa walioifanya pamoja, kwa Kiswahili? Na nimwalikeje bila kumfanya aone kwamba namhesabu mgonjwa wa akili, jambo litakalomuumiza sana?