Eti kabla ya jana hakuwahi kupigana mbele ya "mashabiki wa kweli"!

Mpenzi wa Ulingo (mleta uzi)

Wadau, ninaandika haya hasira ikiwa bado kooni, kwa hiyo mtanivumilia. Jina sitalitaja, kwa kuwa yeyote anayefuatilia mieleka ya hapa Uingereza ameshajua ninayemsema. Usiku wa jana, akiwa amesimama mbele ya nembo ya kampuni kubwa iliyomsajili hivi karibuni, mtangazaji alimuuliza kuhusu miaka aliyopigana katika kumbi ndogo za huku kwetu, naye akajibu kwamba kabla ya kufika huko hakuwahi kupanda ulingoni mbele ya mashabiki wa kweli. Kisha akacheka.

Sisi tulikuwa nini basi, mapazia? Sisi tuliokaa kwenye viti vya plastiki katika ukumbi wenye paa linalovuja, tukaliimba jina lake usiku ambao hata promota mwenyewe alikuwa hajalikariri, leo tumekuwa watu wa bandia?

Naomba nieleweke kwamba sina ugomvi na mshahara. Kila mtu anajua kwamba katika kampuni ndogo mwanamieleka hulipwa kwa usiku mmoja mmoja, petroli ni yake, akiumia goti hapati kitu hadi apone, na mara nyingi fedha anazopata kwa kuuza fulana mezani wakati wa mapumziko huzidi zile alizopewa na promota. Ndiyo maana tulizinunua zile fulana. Ninazo za kila rangi aliyowahi kuchapisha, ikiwamo ile ya zambarau ambayo jina lake mwenyewe lilikosewa herufi, na nililipa bei kamili.

Watu wameondoka tangu zamani, na wameondoka vizuri. Mwezi Agosti 1995, wanamieleka Eddie Guerrero na Dean Malenko walipokuwa wanaiacha ECW, kampuni ndogo ya Marekani, kwenda WCW iliyokuwa kubwa zaidi, walipambana kwa mara ya mwisho pale Philadelphia, katika ukumbi uliokuwa wa kuchezea bingo, watu wakawaimbia wakiwasihi wasiondoke, na wanaume wale wawili wakalia hadharani. Mwanamieleka CM Punk mwaka 2005 alitwaa ubingwa wa Ring of Honor, kampuni nyingine ndogo ya huko, akiwa tayari anakwenda WWE, kampuni kubwa kuliko zote, akausaini mkataba wake mpya juu ya mkanda wenyewe ili tumchukie, na tukamchukia kwelikweli. Lakini usiku wa mwisho, jirani kabisa na Chicago alikozaliwa, alipambana na rafiki yake Colt Cabana na kuwaaga watu kwa machozi. Hao walikwenda kwenye fedha, na hakuna aliyewanyima heshima.

Huyu wetu amecheka. Nimeirudia ile video mara nyingi nikitafuta dalili kwamba alikuwa anatania, na kila nikirudia kicheko kinakuwa kirefu zaidi.

Binti wa Coventry

Pole sana kaka. Mimi nilikuwepo usiku ule alipoanguka vibaya nje ya ulingo, na mashabiki wa mstari wa mbele ndio waliosogeza viti na kumshikia kichwa hadi mtu wa huduma ya kwanza alipofika. Mikono ile haikuwa ya kweli?

Kamba ya Tatu

Ndugu mleta uzi, unalia kwa sababu ya sentensi moja ambayo bila shaka aliandikiwa. Katika zile kampuni kubwa, mtu hupewa maneno ya kusema kama anavyopewa viatu. Tena tuambizane ukweli: ulimnunulia fulana, hukumlipia kodi ya nyumba. Mtu aliyekuwa anaendesha gari usiku kucha kutoka Newcastle ili asubuhi awahi kibarua, leo amepata mshahara wa kila mwezi, na wewe unataka aanze kwa kukutaja wewe?

Mpenzi wa Ulingo

Umeusoma uzi au umesoma kichwa cha habari tu? Nimeandika wazi kwamba sizungumzii mshahara, nazungumzia kicheko. Kama maneno aliandikiwa, na kicheko nacho aliandikiwa?

Mzee wa Mikanda

Afadhali huyo aliyecheka, kijana wangu, kwa sababu hakuondoka na mkanda wa mtu. Mwezi Aprili 2000, Mike Awesome alijitokeza kwenye kipindi cha WCW akiwa bado ni bingwa wa ECW. Baada ya mawakili kuingilia, akarudi ECW kwa usiku mmoja tu, pale Indianapolis, ili aupoteze mkanda kama ilivyopangwa, na aliyempokonya ni Tazz, ambaye wakati huo alikuwa ameshaajiriwa na WWF, yaani WWE kwa jina lake la zamani. Yaani mtu wa WCW alipigwa na mtu wa WWF ili kugombea mkanda wa ECW, na sisi mashabiki wa ECW tukashangilia kwa kukosa la kufanya. Hiyo ndiyo dharau ninayoijua mimi.

Kamba ya Tatu

Mzee wangu, heshima yako, lakini malizia na hadithi ya malipo. Katika miezi ya mwisho ya ECW hundi zilikuwa zinarudishwa na benki, na ilipofilisika mwaka 2001 ilikuwa inadaiwa na wanamieleka wake. Watu wanaombwa uaminifu na promota asiyelipa! Hasira zangu zote ninawawekea mapromota, kwa sababu wao ndio wanaosema "sisi ni familia" mpaka siku ya kulipana.

Mlinda Kona

Nyote mmeliacha jambo kubwa. Mwezi Januari 2017 WWE ilikuja Blackpool kwa mashindano ya siku mbili, Tyler Bate akashinda akiwa na miaka 19, na tulijivunia sana. Baadaye likafunguliwa tawi la WWE la hapa Uingereza, NXT UK, na wale tuliokuwa tunawaona kila mwezi katika kumbi zetu wakasainishwa mikataba iliyowapangia wapi wapigane na wapi wasipigane. Mwezi Agosti 2022 tawi likatangazwa kufungwa na wengi wakaachishwa kazi. Waliporudi, baadhi ya kumbi walizoziacha zilikuwa zimeshazimika, kwa sababu janga la korona nalo lilikuwa limepita hapohapo. Sasa hapo aliyekosewa adabu ni nani, shabiki au mwanamieleka?

Binti wa Coventry

Wote wawili, na mapromota wadogo pia. Ila mbona hamzungumzii tiketi? Mtu akishasajiliwa kule, sisi tuliomwona kwa bei ya chakula cha jioni tunatakiwa kulipa karibu mshahara wa wiki ili tumwone kutoka juu darini, anaonekana kama punje.

Mlinda Kona

Tena bei yenyewe haitulii. Ukifungua ukurasa ni bei moja, ukienda kuchukua kadi ya benki ukirudi imepanda, eti kwa sababu wanunuzi ni wengi.

Mpenzi wa Ulingo

Jamani, uzi huu unahusu maneno aliyoyasema jana.

Mzee wa Mikanda

Mimi niliacha kununua tiketi waliponipa kiti nyuma ya nguzo ya taa. Nilipolalamika nikaambiwa niangalie kwenye skrini, na skrini ninayo nyumbani.

Kamba ya Tatu

Walikurudishia fedha?

Mzee wa Mikanda

Walinipa barua ya kuomba radhi na punguzo la kununua fulana.